Mama Boeing na Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 3 Oktoba 2011

Tiketi zimefika! Hazikuja kwa posta – zimeingia kwenye kompyuta ya Loice, jirani yetu Mkenya mwenye duka la kupiga chapa Wandegeya. Nimekwenda kuzichukua mwenyewe. Karatasi mbili, bado zina joto la mashine. Moja yangu, moja ya mke wangu, Mama Aol. Entebbe hadi Dubai, Jumanne ya tarehe 18, saa kumi alasiri. Boeing 777.

Loice husafiri kwenda China kila mwaka kununua karatasi na wino. Akaniambia, Mzee, hiyo ndege si mchezo, ni kama ploti nzima imewekewa mabawa, na wapangaji wako ndani! Nikamjibu kwamba najua ukubwa wa ndege. Akasema, haya, nilisahau, wewe ni mwenyeji huko juu.

Nikakunja karatasi zangu, nikaondoka.

Aol, kitinda mimba wetu, ni muuguzi huko Dubai. Amejifungua binti, leo siku ya ishirini na tatu. Amempa jina la mama yake: Rosebella. Tutakaa mwezi mmoja.

Nimenunua daftari hili jipya. La zamani lilijaa Ijumaa.

Jumanne, 4 Oktoba

Mama Aol amekubali kusafiri! Tangu Agosti alikuwa akikataa. Mara miguu, mara kibanda chake cha sokoni Kalerwe, mara ndege ni chuma na chuma hakina akili. Leo, tukinywa chai, amesema hivi, nami nayaandika kama yalivyotoka: "Mimi napanda hiyo kitu kwa sababu yako tu. Wewe ulienda juu ukarudi mzima. Kama ni bwana mwingine, singepanda."

Kiswahili chake ni cha kota za polisi. Nilimfundisha miaka thelathini na minane, nikashindwa. Lakini yeye Mbukusu, mimi Mwacholi. Bila Kiswahili tusingeoana. Kwa hiyo simlaumu sana.

Sasa niandike jambo ambalo sijaliandika popote. Shajara haina msomaji.

Sijawahi kuruka kwa ndege. Hata siku moja.

Alhamisi, 14 Machi 1991. Nilikuwa sajini, mwalimu wa Kiswahili kwa makurutu wa polisi. Tulichaguliwa wawili, mimi na Cleopas Wandera, kwenda kozi Dar es Salaam. Kwa ndege! Kota nzima ilitusindikiza Entebbe kwa lori, kwa nyimbo, kwa sala. Sare yangu Mama Aol aliipiga pasi ya mkaa mara mbili. Tukaingia ndani – Boeing 707, injini nne, magurudumu kumi. Nikapewa kiti cha dirishani. Nikafunga mkanda. Nikafungua meza, nikaifunga. Nikapewa peremende ya masikio. Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Kisha akaja mkubwa mmoja aliyechelewa, hakuwa na nafasi. Nikaguswa bega. Sajini, teremka.

Nikateremka. Mbele ya watu wote, begi mkononi, peremende bado mdomoni.

Nilisimamishwa kwenye ua wa ndege, nyuma ya gari la zimamoto, ningoje maelekezo. Ndege ikaondoka. Na juu ya ukumbi wa kusindikizia, hatua arobaini tu kutoka pale nilipokuwa, nikamwona mke wangu akiipungia ile ndege mkono kwa nguvu zake zote. Alikuwa analia kwa furaha. Ningejitokeza vipi?

Nilikwenda Dar kwa basi, siku mbili njiani. Nilirudi kwa basi. Niliporudi, kuku alikuwa amekwisha kuchinjwa na kota nzima iko mlangoni: tuambie mawingu yakoje! Nikawaambia aliyoniambia Cleopas.

Leo nimelitafuta daftari la 1991. Ukurasa wa tarehe 14 Machi ni mtupu. Angalau sikuandika uongo.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mama Aol ametaka afundishwe. Mimi ni mwalimu, siwezi kukataa somo. Nimepanga viti viwili sebuleni, kimoja nyuma ya kingine, yeye nyuma, na sinia ikawa meza. Mkanda: mkanda wangu wa zamani wa polisi.

Kaa wima. Funga. Vuta mpaka ukubane. Fungua. Rudia. Alifanya vizuri kuliko makurutu wengi niliowafundisha.

Loice akaingia kutuletea nakala za pasipoti. Akasimama mlangoni, akashika mdomo. "Mzee! Hiyo mshipi si ya ndege, hiyo ni ya kufukuza wezi soko la Owino!" Wakacheka wote wawili mpaka sinia ikaanguka. Nilijizuia. Kisha nikacheka kidogo.

Halafu Mama Aol akauliza: "Sasa mlango imefungwa. Ndege inaondoka. Inakuwaje?"

Nikasema, utaona mwenyewe.

Loice akasema, aah, Mwalimu, si umweleze vile tumbo hufanya? Na masikio? Nikasema masikio huziba. Loice akanitazama kidogo, kama mtu anayetazama noti asiyoiamini. Kisha akamweleza yeye mwenyewe. Nilisikiliza kwa makini kuliko mwanafunzi.

Hadi mlango kufungwa, mimi ni mjuzi. Baada ya hapo sina hata neno moja langu.

Jumapili, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Baada ya kanisa nimemsindikiza Mama Aol Kalerwe kufunga kibanda. Bango lake nililiandika mimi mwenyewe mwaka 1993, kwa herufi zilizonyooka: MAMA BOEING – ODII, KARANGA, SIMSIM. Jina alipewa na wanawake wa kota kwa sababu ya safari yangu. Nilipostaafishwa, jina likahamia sokoni. Wateja wanaofuata odii yake, ile siagi ya karanga na ufuta, kutoka Gulu hadi Bwaise hawajui jina lingine.

Muuza samaki wa kibanda cha pili akapaza sauti: "Mama Boeing! Banange, leo ndiyo unaenda kuona kwenyu!" Soko zima likacheka. Mama Aol akainua mikono akaiyumbisha kama mabawa, akazunguka rundo la matoke mara moja, mwanamke wa miaka sitini na miwili! Watu wakapiga vigelegele.

Sijamwona na furaha kama hiyo tangu arusi ya Aol.

Nimelipangusa bango vumbi. Rangi bado ni nzuri.

Jumatano, 12 Oktoba

Leo nilikusudia kumwambia. Niliamka nikiwa nimepanga sentensi tatu, fupi, zenye kiima na kiarifu.

Nilimkuta jikoni anajaza odii kwenye makopo ya kumpelekea Aol. Anafunika kwa nailoni, anazungushia utepe wa gundi, anakung'uta, anasikiliza. Anaimba wimbo wa Kibukusu wa kubembeleza mtoto. Nikasema, Mama Aol. Akasema, ngoja, kwanza niambie: hii mpya ina miguu ngapi?

Anajua tabia yangu. Baada ya ile kozi nilipangiwa ulinzi uwanjani Entebbe, miaka miwili. Kila ndege kubwa niliyoilinda nilihesabu magurudumu yake. Si kazi iliyoamriwa. Nilipenda tu kujua kitu kinasimama juu ya nini. Siku moja ilitua Jumbo, imeleta chakula cha msaada kwa wakimbizi. Magurudumu kumi na manane! Niliizunguka taratibu, bunduki begani, mkono mmoja nyuma. Tairi ilinifika kiunoni na zaidi. Hapakuwa na mtu. Nikaweka kiganja juu yake. Ilikuwa bado ya moto kutokana na kutua, kama ubavu wa ng'ombe aliyetoka kukimbia. Nilibaki pale mpaka ikapoa.

Mambo hayo ni ya kweli na nilimhadithia yote wakati ule. Labda ndiyo maana aliamini na mengine.

Nikamjibu: kumi na manne. Akasema, hiyo ni kidogo kuliko ya chakula. Lakini ni mingi kuliko ya kwako ile. Basi itatubeba.

Sentensi zangu tatu sikuzisema. Akikataa sasa, mtoto yule ataanza kutembea hajamwona bibi yake. Nisiposema, ninampandisha juu kwa neno ambalo si kweli. Sijui lipi ni kosa kubwa. Nilifundisha watu kwa miaka mingi kwamba swali moja lina jibu moja.

Jumamosi, 15 Oktoba

Sala ya kutuaga. Watu kama arobaini uani kwetu. Turubai limeazimwa kanisani, viti vimetoka kwa Loice. Kuku wanne, matoke, ugali wa mtama kwa heshima yangu. Katekista wa upande wa Mama Aol alisali, kisha mchungaji wangu naye akasali, kila mmoja akijitahidi kumzidi mwenzake kwa urefu.

Halafu akaja Cleopas! Sikumwalika. Mama Aol alimwalika kwa siri, awe zawadi kwangu. Amezeeka, anatembelea fimbo, lakini sauti ni ile ile ya gwaride. Wanawake wa Kalerwe wakampigia makofi: huyu ndiye yule aliyeruka na Afande! Aseme!

Nikajua mambo yamekwisha. Niliitazama sahani yangu.

Cleopas akasimama. Akakohoa. Akasema: "Siku ile, mimi na Afande Oloya tulikaa bega kwa bega. Yeye dirishani, mimi katikati. Mimi nilikuwa natetemeka, shemeji, sikufichi. Yeye? Kama nguzo ya bendera! Akanishika mkono akaniambia, Wandera, kaza moyo, hata ndege ni nidhamu tu."

Watu wakalipuka. Mama Aol akafuta macho kwa ncha ya vazi lake la gomesi. Akanitazama kama alivyonitazama nilipopandishwa cheo.

Nidhamu! Neno hilo sijamwambia Cleopas hata siku moja.

Jumapili, 16 Oktoba

Nimemfuata Cleopas kwake Kireka baada ya ibada. Kwa nini ulisema vile? Akajibu, Afande, ulitaka niseme nini mbele ya kuku waliokwisha kuchinjwa? Nikamwambia kwamba sasa waongo ni wawili. Akasema hapana, mwongo ni mmoja, mwingine ni shahidi wake.

Nikamwomba anieleze upya, polepole, kama ripoti. Ndege ikiondoka inakuwaje? Akafumba macho. Kwanza inanguruma bila kwenda, kama imekasirika. Halafu inakimbia, na mgongo unasukumwa kwenye kiti. Halafu magurudumu yanaacha kusema. Ndiyo hapo, akasema. Unajua umeondoka kwa sababu magurudumu yamenyamaza. Na tumbo linabaki Entebbe.

Nikauliza yule mkubwa aliyekalia kiti changu alifanya nini. Akasema alivua viatu, akalala mpaka Dar. Hakutazama dirishani hata mara moja.

Hilo limeniuma zaidi ya mengine yote. Miaka ishirini, na leo ndiyo nimeumia!

Tulikunywa chai ya pili. Jioni njema.

Jumatatu, 17 Oktoba

Mabegi mawili. Kila moja kilo ishirini na tisa kwenye mizani ya Loice. Ruhusa ni thelathini. Makopo ya odii sita. Rozari yake. Kamusi yangu, ile ndogo. Mama Aol amelala mapema. Sijamwambia.

Jumanne, 18 Oktoba

Entebbe. Ukumbi wa kungojea, saa nane na nusu.

Loice alituleta kwa gari lake, Cleopas kiti cha mbele na fimbo yake. Uwanja umebadilika sana. Mahali lilipokuwa gari la zimamoto pamejengwa. Walinzi wametutaka tuvue mikanda na viatu. Mimi, Sajini Meja mstaafu, nimeshikilia suruali kwa mkono mmoja mbele ya askari mdogo! Aliponiuliza kwa Kiingereza, nilimjibu kwa Kiswahili sanifu. Akasimama wima bila kujua kwa nini. Mama Aol alicheka.

Ngazi inayopanda yenyewe ilimtisha. Nikamwambia aweke mguu wa kulia kwanza, kama gwaride. Aliweza.

Na ndege tumeiona, kupitia kioo. Sijawahi kuona umbo lililonyooka hivi. Injini mbili tu, lakini kila moja mtu anaweza kusimama ndani akanyoosha mikono juu. Nimehesabu magurudumu: sita, sita, na mawili mbele. Mama Aol naye alihesabu, kwa sauti, kidole kikiwa kwenye kioo. Watu walitutazama. Kumi na manne. Akaniambia, uko sawa, Baba Aol. Wewe hunidanganyagi.

Nilijifanya nasoma tiketi.

Ndani, saa kumi.

Mambo yote ni kama nilivyofundisha. Nimempa kiti cha dirishani. Alifunga mkanda kabla ya mhudumu kufika, akaukaza, akanitazama apate alama. Nikampa kumi kwa kumi. Meza, ameifungua, ameifunga. Taa, amewasha, amezima. Peremende siku hizi hawatoi; Loice alituwekea za kwetu. Jirani yetu, kijana wa suti, mkanda wake ulimshinda – Mama Aol akamfungia! Akamwambia, mwanangu, tulia, mzee wangu huyu ni mzoefu. Kijana akanisalimu kwa heshima: shikamoo. Nikaitika.

Mlango umefungwa. Nimeusikia.

Ndege imesogea kinyumenyume, kisha mbele, polepole, mbali sana, mpaka mwisho wa barabara yake karibu na ziwa. Imesimama. Rubani ametangaza kwamba tunangoja ndege nyingine itue. Dakika kumi hivi. Naandika.

Mama Aol ameweka paji la uso kwenye dirisha. Anawatafuta Loice na Cleopas. Walisema watakuwa juu ya ukumbi. Amefungua kitambaa chake cha kichwa, anapunga. Anapunga kwa nguvu, kiwiko chake kinanigonga begani, mwandiko unaharibika. Anasema hawaoni. Lakini anapunga, labda wao wanamwona.

Ameniuliza bila kugeuka: "Siku ile, wewe uliniona?"

Nimemwambia, nilikuona.

Ni kweli! Ndilo jibu moja la kweli nililo nalo kuhusu siku ile, na nimefurahi kulitoa, furaha ya mtu aliyepata maji. Nikaongeza: ulikuwa umevua kitambaa kama sasa. Na kiatu cha kushoto ulikuwa umekivua pia. Ulisimama kwa mguu mmoja kama korongo, Aol amekushikia kiatu.

Akacheka sana. "Kumbe uliona! Ilikuwa viatu ya Mama Okinyi, niliazima, ilinibana!"

Akarudi dirishani. Anacheka bado. Nimemwona akitazama jengo la uwanja, huko mbali. Kutoka hapa linatosha kwenye kiganja. Magari yaliyo mbele yake ni punje za simsim. Mtu haonekani hata mmoja.

Kicheko kimeisha.

Ameweka kiganja kwenye kioo, kimelifunika jengo lote. Kisha amesema polepole, paji la uso bado kwenye kioo: "Kiatu, Baba Aol?"

Ndege nyingine imetua. Yetu imegeuka, imenyooka. Sasa amegeuka na yeye. Ananiuliza siku ile nilikuwa nimesimama wapi. Hakusema nilikuwa nimekaa wapi. Amesema nimesimama.

Nimemjibu. Kwenye ua, nyuma ya gari la zimamoto. Hatua arobaini.

Mkono wake umeshika wangu wa kushoto tangu alipogeuka; bado upo. Mhudumu amepita, ametaka meza ifungwe. Naandikia gotini. Inanguruma bila kwenda, kama alivyosema Cleopas. Kiti kinatetemeka, herufi zangu ni aibu.

Anasema jambo. Sisikii. Amesogeza mdomo sikioni kwangu: "Na sasa inakuwaje?"

Nimemwambia, sijui, Mama Aol. Hata mimi ni mara ya kwanza.

Inakimbia. Amefumba macho – hapana, amefumbua, ananitazama mimi, hatazami dirisha. Vidole vyake vimekaza mpaka pete inaniumiza. Magurudumu yanasema, yote kumi na manne, yanasema, yanasema –